Kanda Mbili za Harusi ya Nasra

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha fundi Ridhiwani kidole kiko juu ya kitufe, wimbo umekatwa katikati ya neno, na Bi Mwanaheri anamkodolea macho. Wiki nzima mmenisumbua: jamani, mbona kazima? Mmoja alinisimamisha sokoni na samaki wake mkononi. Haya, leo nasema.

"Mbona umezima?" Mwanaheri aliuliza.

"Mashine imekula utepe."

"Imekula vipi? Mie sikusikia ikitafuna."

"Bi Mwanaheri, kazi hii naijua. Nenda kaswali, alasiri inakupita. Ukirudi nitakuwa nimeshautoa."

Mwanaheri alisita. Kisha alijitanda mtandio wake, akatoka kibandani, akavuka stendi ya Kibiti kuelekea msikitini. Ridhiwani alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotelea nyuma ya mabasi.

Utepe haukuwa umeliwa, msomaji wangu. Alidanganya, kwa kuwa alisikia kitu kilichomshtua na akataka kukihakikisha akiwa peke yake.

Aliyeanza kusoma leo asikasirike, namsimulia kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2001, huko Maparoni deltani, Nasra aliolewa na Abubakary. Abubakary huyo alikuwa kwanza mchumba wa Mwanaheri, dada mtu. Uchumba ukavunjika, bwana akahamia kwa mdogo. Mwanaheri alikuwa mwimbaji wa taarabu, na siku ya harusi ya mdogo wake aliimba kama kawaida yake.

Mzee mmoja anayeitwa Dadi aliirekodi harusi kwa redio kaseti. Kanda ikanakiliwa kinyemela, na nakala ikazaa nakala, mpaka Bungu, Ikwiriri na Mohoro kote watu wakawa nayo. Na ndani ya kanda hiyo, mshereheshaji anatangaza, "Ndoa imepita! Nasra ni mke wa Abubakary!" Vigelegele. Halafu papo hapo, bila hata pumzi, Mwanaheri anaanza "Umekalia Mkeka Wangu".

Hebu fikiria. Mkeka wa nani, na kaukalia nani?

Nasra mwenyewe hakusikia kitu siku ile. Alikuwa chumbani, kafunikwa kanga mbili, somo yake anamnong'oneza mambo ya ndoa sikioni. Akaingia fungate. Siku ya nane alipotoka, wimbo ulimpokea kwenye kila redio ya kijiji. Akaapa kwamba dada yake hatakanyaga kwake tena.

Na waliokuwepo harusini? Waliokuwepo walikuwa wanakula pilau. Lakini baada ya mwezi mmoja wa kusikiliza kanda, kila mmoja aliapa kwamba aliona kwa macho yake. Ndivyo tulivyo.

Mwanaheri alisema tangu siku ya kwanza kwamba wimbo ule aliuimba mchana, mapema, ndoa haijafungwa. Hakuna aliyemwamini. Akahamia Bungu, akapanga chumba kimoja, akawa anakaanga mihogo kando ya barabara. Miaka ishirini na tatu hajaalikwa harusini Maparoni, na tangu hapo hajaimba tena hata akiwa anafua.

Sasa Jumamosi hii Salima, binti wa Nasra, anaolewa. Kwa ukoo wao mwali hatoki chumbani mpaka mama yake mkubwa amshike mkono, na Nasra hana dada mwingine. Mwanaheri anataka kuushika mkono huo. Hilo tu ndilo analolitaka duniani.

Ndiyo maana alimfuata Ridhiwani, mtu anayejaza nyimbo kwenye simu na flashi pale stendi, mwenye makasha sita ya kanda za wizi za taarabu tangu enzi zile. Na ndiyo maana kanda halisi ya Mzee Dadi, iliyokutwa kwenye kopo la maziwa, ilikuwa mezani leo.

Turudi kibandani.

Ridhiwani alivaa spika za masikioni. Kwenye mashine ya kushoto aliweka kanda ya Dadi. Kwenye ya kulia, nakala iliyosambaa.

Nakala ilikuwa mbovu, kama anavyoijua. Mvumo mwingi, ngoma zimezama, kinanda kinaning'inia mbali kama kinapigwa nyumba ya tatu. Ya Dadi ilikuwa safi. Utasikia mpaka kijiko kikigonga sinia.

Alicheza tangazo kwenye kanda ya Dadi. "Ndoa imepita!" Vigelegele, watoto wanapiga kelele, mama mmoja anaomba maji. Kisha wimbo mwingine kabisa, wa kumsifu bwana harusi. "Umekalia Mkeka Wangu" haukuwapo hapo. Ulikuwa mwanzoni, wimbo wa pili wa upande wa kwanza, kama Mwanaheri alivyoapa miaka yote.

Akacheza tangazo lile lile kwenye nakala. "Ndoa imepita!" Vigelegele. Kwap. Halafu mkeka.

Kwap.

Miaka yote watu walidhani ni kofi la mtu. Hata yeye, kwenye nakala yake iliyochakaa, alidhani hivyo. Lakini leo, kwa kuwa kanda safi haikuwa na kofi lolote mahali pale, aliisikiliza vizuri. Kwap, na baada yake mluzi mwembamba wa sekunde mbili.

Mluzi ule aliujua. Ulitoka kwenye deki yake ya kwanza, aliyoinunua akiwa kijana, ambayo kitufe chake cha kusimamishia kilivunjika akakifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kikawa kinaruka kwap kila kikibonywa. Hapakuwa na deki nyingine Tanzania nzima iliyofungwa mpira wa baiskeli.

Akakumbuka. Mtu alimletea kanda ya dakika tisini ainakili kwenye ya sitini. Zilipopunguzwa nyimbo ndefu, upande wa kwanza ukabaki na dakika nne tupu. Na enzi zile, msomaji, mteja akikuta utepe mtupu anairudisha kanda, anakutangaza mwizi stendi nzima. Hakuna fundi aliyeacha utepe mtupu. Ridhiwani akatafuta, kati ya nyimbo za mwanzo alizoziruka, wimbo wa dakika nne wa kuziba pengo, akaupata, akaubandika mwisho. Hakujua aliyeimba ni nani wala ndoa ni ya nani. Alichagua kwa orodha ya nyimbo iliyoandikwa kwenye boksi la kanda, akaenda zake kula.

Dakika nne zile ndizo zilizomla Mwanaheri miaka ishirini na tatu.

Alivua spika. Sasa nitawaambia jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajajiambia. Ridhiwani ni mjane. Watoto wako Dar es Salaam, wanampigia sikukuu hadi sikukuu. Vijana siku hizi wanajishushia nyimbo wenyewe, kibanda kinaweza kukaa mpaka magharibi bila mtu kuuliza hata bei ya waya. Miezi mitatu hii, kila Jumatano, mwanamke mmoja alikuwa anashuka kwenye Noah ya abiria kutoka Bungu na mihogo ya moto kwenye kitambaa, anakaa kwenye stuli, wanabishana nakala ipi ina kinanda kizuri na nani kapanga nyimbo kama mlevi. Jumatano ndiyo ilikuwa siku pekee aliyonyoa ndevu.

Akimwambia, atampoteza. Asipomwambia, je?

Mlango ukagongwa kabla hajajibu.

"Umeutoa?" Mwanaheri alikuwa amesharudi, uso una maji ya udhu.

"Nimeutoa. Kaa. Umesema kweli, Bi Mwanaheri. Wimbo wako uko mwanzoni."

Mwanaheri hakukaa. Alishika ukingo wa meza.

"Rudia."

"Wimbo wa pili, upande wa kwanza. Ndoa bado kabisa."

Alijiziba mdomo kwa mtandio. Kisha akajifuta machozi haraka, kwa hasira, kama mtu aliyekutwa akila jikoni.

"Nasra hatakubali," alisema. "Atasema hii ndiyo iliyopangwa upya. Atasema nimekuhonga mihogo."

"Sikiliza hapa." Ridhiwani alicheza mwanzo wa kanda ya Dadi. "Sauti za watu zikoje?"

"Za kawaida."

Akasogeza mbele, akacheza tangazo. "Na hapa?"

"Nyembamba. Huyu mshereheshaji kama katoka jando jana."

"Mzee Dadi alirekodi kwa betri. Betri zikichoka, utepe unakwenda polepole. Ukija kuucheza kwenye umeme, sauti zinakuwa nyembamba. Mwanzo nene, mwisho nyembamba. Hilo mtu hawezi kulipanga. Sasa njoo kwenye nakala."

Akacheza. "Ndoa imepita!" kwa sauti nyembamba, vigelegele vyembamba, kwap, na ghafla sauti ya Mwanaheri, nene, ya mchana mapema.

Mwanaheri aliangua kigelegele. Kimoja tu, kirefu, mpaka makondakta wa nje wakageuka. Nadhani hata yeye alishtuka kwamba bado anacho.

"Nipe simu," alisema. "Dadi alinipa namba ya Nasra."

"Subiri kwanza, Bi Mwanaheri..."

"Nimesubiri vya kutosha!"

Simu iliita sana. Mwishowe sauti ya mwanamke ikasema, "Nani mwenzangu?"

"Ni mie. Dada yako."

Ridhiwani alisikia jogoo akiwika upande wa pili, huko Maparoni.

"Nasra, usikate. Kanda ya Mzee Dadi imepatikana. Wimbo niliuimba mchana. Kuna mtu aliuhamisha. Nina fundi hapa, atakueleza."

"Mafundi wapo wengi," Nasra alisema. "Siku hizi mtu anaweza kumfanya hata mbuzi aimbe. Nani aliuhamisha?"

"Simjui."

"Basi mtafute. Kama kuna mtu, awe na jina na miguu. Jumamosi aje hapa asimame mbele ya wanawake wote, aseme mwenyewe kwamba ni yeye. Akija, na wewe uje. Asipokuja, usihangaike na nauli."

Simu ikakatwa.

Mwanaheri aliiweka mezani taratibu. Halafu akatabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Ridhiwani kuliko matusi.

"Hakukataa," alisema. "Umesikia? Hakukataa! Fundi, wewe unawajua wanakili wote wa zamani. Tutamtafuta. Leo Jumatano, tuna siku mbili. Utanisaidia?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ridhiwani angeweza kusema kwamba mnakili yule alishakufa. Angeaminiwa. Jumatano ijayo mihogo ingekuja tena, na ijayo nyingine, na wangezeeka pamoja wakimtafuta marehemu ambaye hakuwahi kuwapo. Alilifikiria hilo, nisiwafiche. Alilifikiria kwa muda ambao si mfupi.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyenakili. Kwap ile ni deki yangu. Palibaki dakika nne tupu, nikaziba kwa wimbo wako. Sikukujua, Bi Mwanaheri. Wallahi sikukujua."

Basi la Ikwiriri liliingia stendi, likashusha, likapakia, likaondoka.

"Dakika nne," Mwanaheri alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ungeacha mtupu."

"Wateja walikuwa wanarudisha."

"Wateja." Alikunja kitambaa chake cha mihogo, kikiwa bado na vipande viwili ndani. "Mama yangu alikufa sijamwosha. Nilizuiwa mlangoni. Unajua hilo? Kwa sababu ya wateja."

Hapo hata mimi sina la kumsaidia Ridhiwani.

"Jumamosi boti inaondoka Nyamisati saa moja na nusu, maji yakijaa," Mwanaheri alisema akiwa mlangoni. "Utakuja. Utasema hayo mbele ya mdogo wangu. Ukimaliza, wewe na mimi hatujuani."

Alhamisi Ridhiwani hakufungua kibanda. Ijumaa alifungua, akakaa, hakuja mtu. Alikula mkate mkavu kwa chai, amesimama, maana stuli ilikuwa upande wa pili wa meza na hakutaka kuikalia.

Jumamosi alikuwa Nyamisati kabla ya boti kutiwa mafuta, redio kaseti kwapani na betri mpya mfukoni. Mwanaheri alifika amevaa kanga mpya, mikono imetiwa hina. Alikaa mbele kabisa. Ridhiwani akakaa nyuma, karibu na injini. Kwa zaidi ya saa mbili walikwenda kati ya mikoko, watu kumi na mmoja botini, na hawa wawili hawakupeana hata salamu. Mama mmoja alimuuliza Mwanaheri kama anakwenda harusini. Akajibu, "Inshallah."

Uani kwa Nasra wanawake walikuwa wameshajaa. Waliponyanyua macho wakamwona aliyeingia, vijiko vikasimama. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Nasra alikuwa ameketi kwenye jamvi karibu na mlango wa chumba cha mwali. Amenenepa. Mwanaheri alikuwa amemwacha ni mwembamba kama kijiti.

"Shikamoo, dada," Nasra alisema. Ukubwa ni ukubwa, hata kwenye ugomvi.

"Marahaba."

"Mtu wako yuko wapi?"

Ridhiwani alisogea mbele. Mwanaume pekee uani, kofia mkononi. Alisema yote: deki, mpira wa baiskeli, dakika nne. Akaicheza kanda ya Dadi, akawaonyesha sauti nene na nyembamba. Akaicheza nakala. Kwap ilipolia, mama mmoja mtu mzima alisema, "Mie kila siku nilisema lile si kofi." Uongo mtupu, lakini wakati huo ulifaa.

"Aliyekosea ni mimi," Ridhiwani alimaliza. "Dada yako hakuuimba baada ya ndoa yako kupita. Nisameheni."

Minong'ono ikapita uani. Mtu akasema, "Masikini, kaonewa." Mwingine akamsogezea Mwanaheri kiti. Macho ya Mwanaheri yakaenda kwenye mlango wa chumba cha mwali, yakabaki huko.

"Ahsante kwa kuja," Nasra alimwambia Ridhiwani. "Si kila mtu angekuja. Sasa nichezee wimbo wenyewe. Wote. Zetu huku zilikuwa mbovu, maneno nusu yameliwa."

Ridhiwani akacheza.

Kwa mara ya kwanza Maparoni ikausikia wimbo ule ukiwa safi. Ubeti wa kwanza, watu wakatikisa vichwa. Wa pili, wawili watatu wakaanza kuitikia, kwa kuwa ni wimbo mzuri, tusidanganyane. Kwenye ubeti wa tatu, pale ambapo nakala zote zina mvumo tu, sauti ilikatika. Ikasikika pumzi ikivutwa kwa shida. Halafu sauti ikarudi, imelowa, inatetemeka, ikamalizia mstari kwa kulia.

Nasra aliinua mkono. Ridhiwani akazima.

"Hapa unalia, dada."

Mwanaheri aliivuta kanga yake kifuani.

"Saa ngapi uliimba, fundi kanieleza na nimemwamini. Hilo limekwisha. Nakuuliza lingine, na utanijibu mbele ya hawa hawa." Sauti ya Nasra ilikuwa ya chini sana. "Mchana ule, ndoa bado. Ulikuwa unamwimbia nani?"

Ridhiwani alimtazama Mwanaheri kutoka alikosimama, na moyoni alimwomba aseme uongo. Neno moja tu, sikumwimbia mtu, wimbo ni wimbo, na mlango unafunguka. Nani angemkatalia? Alikuwa ameshaonewa vya kutosha.

Mwanaheri aliitazama mikono yake yenye hina.

"Wewe," alisema. "Nilikuwa nakuimbia wewe, Nasra."

Na hapo hapo, kutoka chumbani, sauti ya Salima ikaita, nyembamba, ya furaha, ya mtu asiyejua lolote:

"Mama! Wanasema mama mkubwa kafika? Mwambieni aje, mie niko tayari."

Nasra aliinuka kwenye jamvi. Akaenda mpaka mlangoni, akaweka mkono juu ya komeo, na kabla hajafungua wala hajafunga, akamgeukia dada yake. Alichomwambia, nisubirini wiki ijayo.